Ngozi ya kichwa inakauka na kupukutika baridi ikianza, mafuta hayasaidii

Mkazi_Minneapolis:
Habari zenu wakuu. Kila ikifika Novemba, hita zikishawashwa, ngozi ya kichwa inakaza, inawasha hasa usiku, na nikijikuna unga mweupe unamwagika mabegani. Nywele ni za kipilipili, hazijatiwa dawa, na nina rasta za wiki ya tatu. Kila asubuhi napaka mafuta ya nazi kwenye mistari, lakini ikifika mchana pamekauka tena. Naosha nikifumua tu, kwa maji ya moto. Binti yangu wa miaka 6 naye ana duara moja la magamba kisogoni. Huu ni ukavu au ni mba? Na nitumie mafuta gani?

Msusi_Mkongwe:
Pole sana dada. Kabla ya mafuta, jua kwanza una kipi, maana tiba ya kimoja inaweza kuchochea kingine.

Usipake kitu chochote kwa siku mbili. Siku ya tatu tandaza kitambaa cheusi, inama, kisha kwangua polepole katikati ya mistari kwa ubapa wa chanuo, si kwa ncha. Magamba yakiwa madogo, makavu, meupe kama unga wa muhogo, na ukipuliza yanapeperuka, huo ni ukavu. Yakiwa mapana, yana umanjano kidogo, ukiyasugua kati ya vidole yananata, hiyo ni mba. Angalia pia nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Mba hupenda kutokea huko pia. Usisubiri kuona wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi mba huonekana kama mabaka yaliyofifia kuliko ngozi ya jirani yake.

Ukiwa ukavu, kosa liko kwenye mpangilio. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyopo yasitoke. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hayana cha kuzuia. Na kuosha kwa maji ya moto kunaondoa mafuta ya asili ambayo ndiyo kinga yenyewe.

Fanya hivi kila baada ya siku 7 hadi 10, hata ukiwa umesuka. Changanya kijiko 1 cha chakula cha shampuu laini na vijiko 4 vya maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, umimine kwenye mistari, usugue kwa nyama za vidole, kucha zisiguse. Suuza kwa maji ya uvuguvugu dakika 3 kamili, na usiharakishe hapa: shampuu iliyobaki kwenye mashina ya rasta hukauka ikawa unga mweupe, mtu akadhani ukavu umezidi. Kausha kwa taulo kwa kubonyeza. Ngozi ikiwa bado na unyevu, nyunyizia maji ml 200 yaliyochanganywa na glicerini vijiko 2 vya chai, ndipo upitishe matone machache ya mafuta kwenye mistari. Malizia kwa draya ya hewa ya uvuguvugu hadi mashina yakauke kabisa. Kulala au kujifunga ushungi nywele zikiwa mbichi kunaleta harufu na kuwashwa upya. Mchanganyiko wa glicerini uweke kwenye friji na umwage baada ya wiki moja.

Limau na magadi ya kuokea achana navyo. Ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, pH ya 5 na ushei. Limau liko karibu na 2, magadi karibu na 8, na vyote viwili vinaichubua.

Fundi_Hita:
Naongezea upande wa nyumba, kwa sababu bila hiyo utapaka hadi Machi. Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Ikiingia ndani ikiwa nyuzi -15 na hita ikaipasha hadi 21, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 15. Hewa ya namna hiyo inanyonya maji popote inapoyapata: midomo, mikono, kichwa.

Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke chumba cha kulala mbali na hita. Lenga asilimia 30 hadi 40. Ikiwa chini, washa mashine ya kuongeza unyevu usiku, mlango ukiwa umefungwa. Baridi ya nje ikipita -20, baki kwenye 30 au chini kidogo, la sivyo maji yataganda madirishani na ukungu utaota kwenye fremu. Tangi limwagwe na lisuguliwe mara kwa mara. Likiachwa na maji ya jana, utakuwa unapuliza vijidudu chumbani.

Kofia ya sufu shonea kitambaa cha satini ndani. Sufu inakwaruza ngozi na kuvuta nywele za mbele.

Duka_la_Dawa:
Mama, kwa mtoto usisubiri. Duara lenye magamba kwa umri huo, hasa kama nywele za hapo zimekatika zikabaki nukta nyeusi, au tezi za nyuma ya shingo zimevimba, lichukuliwe kuwa mashilingi, yaani fangasi wa kichwani, hadi daktari aseme vingine. Atachukua magamba na vipande vya nywele vipimwe. Fangasi huyo anaingia ndani ya unywele, ndiyo maana krimu ya kupaka haimalizi. Inahitajika dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Griseofulvini, kwa mfano, hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa ili mwili uifyonze vizuri, na haikatizwi kwa sababu duara limefifia. Usimpake krimu ya stiroidi: kuwashwa kutatulia na fangasi ataenea chini kwa chini. Chanuo, kofia na mito visishirikiwe, na ndugu zake wakaguliwe siku hiyo hiyo.

Mkazi_Minneapolis:
Asanteni mno. Mtoto ana miadi kesho. Kwangu nimefanya jaribio la kitambaa: magamba mapana, yananata, na nyuma ya masikio yapo.

Duka_la_Dawa:
Basi ni mba, na baridi inaizidishia tu. Acha kupaka mafuta ya nazi kichwani kuanzia leo. Mba inahusiana na fangasi aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye vichwa vyetu sote na kula mafuta. Zeituni na mafuta mengi ya mimea ni chakula chake. Ndiyo sababu ukipaka unapata nafuu ya saa chache, kisha kunawasha tena.

Fumua rasta, maana dawa lazima iguse ngozi na isuuzwe yote. Hapo Marekani shampuu ya ketokonazoli asilimia 1 inauzwa bila cheti cha daktari. Ya seleniamu salfaidi asilimia 1 pia inafaa. Igawe kwenye mistari, isugue kwenye ngozi tu, iache dakika 5 kamili ukitazama saa, suuza. Wengi huisuuza papo hapo na kulalamika kwamba haifanyi kazi. Kwa nywele kavu kama zako, mara 1 kwa wiki inatosha, kwa wiki 4 hadi 6. Shampuu hizi hukausha nywele, kwa hiyo paka kondishena kuanzia katikati hadi nchani kila baada ya kuosha.

Msusi_Mkongwe:
Na ukisuka tena baada ya hapo, omba mistari mikubwa iliyolegea, chupa ipite. Rasta loweka kwanza kwenye maji yenye siki, suuza, anika. Zile mpya huwa zimepakwa kitu kinachowasha wengi. Utaona utando mweupe ukielea juu ya beseni.

Duka_la_Dawa:
Wiki 6 zikipita bila nafuu, au magamba yakawa mazito, ya rangi ya fedha, na kuvuka mstari wa nywele kuja kwenye paji la uso, nenda kwa daktari wa ngozi. Huenda ni soriasisi, na hiyo shampuu za mba haziiwezi.