Unguja, Pemba au Mafia: wapi pazuri kwa picha za wanyama na ndege?

Mchanga_Mweupe
Wakuu, salaam. Nataka kukata tiketi kabla ya wiki hii kuisha na bado sijaamua. Natafuta kisiwa kimoja cha kupiga picha za wanyama na ndege, kwa hiyo hoteli na machweo tuyaache pembeni. Nimebakiza Unguja, Pemba na Mafia. Mliofika huko, nishaurini.

Jicho_la_Pwani
Mkuu, hujasema mwezi, hujasema lenzi, hujasema kama unaingia majini au unabaki nchi kavu. Bila hayo kila mtu atakupigia debe kisiwa chake. Chukua Mafia: papa potwe wanaonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, lakini kasa wa Juani, kisiwa kidogo jirani, wanaangua zaidi kati ya Juni na Septemba. Ukienda Agosti kwa ajili ya potwe utarudi na picha za maji. Ndege wahamao kama vitwitwi na sululu nao hujaa kwenye matope ya pwani kwao kaskazini kukiwa baridi, kisha wengi huondoka. Mwezi kwanza.

Bi_Mikoko
Mimi ni Unguja, na Unguja kwangu ni msitu wa Jozani. Kima punju asili yake ni Unguja na vile visiwa vidogo vya kando yake, basi. Pale kusini mwa msitu, karibu na mashamba, wamezoea watu hata lenzi ndefu inakuwa kikwazo. Mvizie anapokula majani machanga karibu na ardhi, utauona mkono: vidole vinne virefu vimekamata tawi kama ndoano, dole gumba limebaki kinundu tu. Mimi picha ya mkono ule naipenda kuliko picha ya kundi zima.

Shida ni mwanga. Jua linapenya vipande vipande, kifua cheupe kinaungua, yaani pichani kinakuwa weupe mtupu, na uso mweusi unazama. Fika saa moja na nusu asubuhi au omba siku ya mawingu. Pima mwanga kwenye manyoya meupe yasiungue, uso utauinua baadaye kwenye kompyuta. Ukimaliza pita njia ya mbao kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, kaa wanatoka na ndege mdiria huwa hayuko mbali.

Komba_wa_Konde
Dada, Jozani kila mwenye simu ameshaipiga. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani: bundi mdogo, ninga, chozi, na yule mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ingia msitu wa Ngezi jioni na mtembezaji wa pale, giza likishuka bundi anaanza kuita, na mtembezaji anajua mti gani wa kusimama chini yake.

Halafu kuna popo wa Pemba. Mbawa zikitandazwa zinafika mita 1.5 na zaidi. Zamani waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, na vijiji vyenyewe ndivyo vilivyounda vilabu vya kuwalinda. Nenda Kidike mchana wa joto. Wananing'inia juu mitini, wanajipepea kwa ubawa mmoja, jua likiwa nyuma yao ngozi ya ubawa inang'aa na mishipa yote unaihesabu. Jioni wanaondoka, hapo weka kasi ya shata 1/1000 au zaidi.

Mchanga_Mweupe
Asanteni sana. Lenzi ni 70-300. Kuogelea najua, chini ya maji sijawahi kupiga. Siku hazizidi wiki. Nimesikia pia habari za pomboo kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, vipi hao?

Jicho_la_Pwani
Na mwezi?

Ngalawa_Tatu
Kuhusu pomboo ngoja nikueleze yaliyonikuta. Jioni nilipatana na nahodha mmoja: tunaondoka alfajiri, boti ni ya kwetu peke yetu, tukiwaona anazima mashine na tunasubiri. Asubuhi nikakuta boti imejaa watu nisiowajua, na pesa ameshachukua. Nikanyamaza, nikapanda.

Tulipofika nje, boti nyingine zilikuwa zimeshawazunguka. Pezi la kwanza lilipochomoza mashine zote zikanguruma kwa pamoja, boti zikakata mbele ya kundi, watu wakawa wanapigiwa kelele "rukeni, rukeni!" Palikuwa na mama na mtoto wake. Wakazama, wakaibuka mbali, tukawafuata. Wakazama tena, tukawafuata tena. Nikamwomba nahodha apunguze, akaniambia abiria wamelipa waone. Moshi wa dizeli umetanda, maji yanarushwa mpaka ndani, na kila nikifuta kioo cha mbele cha lenzi chumvi inaacha utando mweupe. Jioni pete ya kukuza ikawa inakwaruza, na fundi alipoifungua alikuta chumvi imeshaingia ndani. Picha zilizobaki ni za migongo inayokimbia.

Ukienda, kodi boti nzima, patana mbele ya shahidi, na pesa toa nusu tu mpaka mrudi.

Shekhe_Kusi
Pole ndugu yangu, lakini usiwapake manahodha wote tope. Wapo wanaosimama mbali na kuzima mashine, na hao ndio wanaokosa wateja kwa sababu wageni wanataka kuwagusa pomboo. Anayelipa ndiye anayechagua mtindo.

Bi_Mikoko
Hapana shekhe. Mgeni hajui bahari, nahodha anajua. Mama mwenye mtoto hakatiziwi njia, hata alipe nani.

Shekhe_Kusi
Hilo la mama na mtoto tuko pamoja. Ninachosema ni kwamba ada ya shule inatoka kwenye boti ile ile. Mpe nahodha mteja wa picha anayekubali kusubiri, uone kama atamfukuza mnyama.

Bahari_Kuu
Mmemsahau mtu wa tiketi. Ndugu, Mafia. Hifadhi ya bahari ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na potwe wengi wanaokuja ni madume wachanga wanaokula juu juu kabisa. Maji yao yana ukungu wa vijidudu wanavyovila, kwa hiyo lenzi yako ukiwa majini haina kazi. Azima kamera ndogo ya majini yenye lenzi pana, flashi usiwashe, na kaa ubavuni, usimzibie njia. Hiyo 70-300 iwekee fukwe za matope maji yakianza kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, matope yanaanza mbali sana, kisha maji yanawasukuma ndege kuja kwako. Kaa chini, usiwafuate.

Tundu_la_Lenzi
Samahani natoka nje kidogo. Chui wa Unguja bado yupo? Kuna jamaa anasema alikuta nyayo.

Komba_wa_Konde
Nyayo za mbwa hizo.

Tundu_la_Lenzi
Mbwa anaacha alama za kucha, chui anazirudisha ndani. Jamaa amekulia kijijini kule, hawezi kuchanganya.

Bi_Mikoko
Wazee wengi wa kusini wanaapa wamemwona, wengine wanasema alikuwa anafugwa na wachawi. Lakini bila picha inayoeleweka wataalamu wengi wanamhesabu ametoweka. Kama unajali mnyama wa Jozani, zungumzia barabara inayokata msitu. Kima walikuwa wanagongwa sana mpaka yakawekwa matuta, na bado kuna madereva wanaoyaruka kwa kasi.

Mchanga_Mweupe
Samahanini, nilichelewa kusema. Likizo imekubaliwa mwishoni mwa mwezi wa nne.

Jicho_la_Pwani
Hapo ni katikati ya masika! Potwe wameshapungua, kasa bado, vitwitwi wengi wameondoka, na Mafia nyumba kadhaa za wageni hufunga. Kimebaki msitu.

Bi_Mikoko
Msitu ni Jozani. Mvua ikikatika kima wanatoka kukausha manyoya, mwanga umelainika, majani yanameta.

Komba_wa_Konde
Na popo wa Kidike watakwenda wapi? Mvua haiwahamishi.

Bahari_Kuu
Omba likizo isogezwe hadi Novemba, utanishukuru.

Mchanga_Mweupe
Bosi wangu hawezi kukubali Novemba. Julai labda. Julai nielekee wapi?

Shekhe_Kusi
Julai kusi limeshika, bahari ya wazi inachafuka. Kasa wa Juani watakuwa wanaangua. Lakini uliza kwanza kama viota vinavyokaribia kuanguliwa vimeandikwa tarehe, usije ukakaa pwani bure.

Tundu_la_Lenzi
Na kamera za kutegesha mtini kule Jozani zinaruhusiwa, au mpaka kibali?