Tupeane uzoefu: mwanafunzi aliyekwama, wewe ulimfunguaje?

Chaki ya Himbi (Goma)
Jambo yenu, walimu na wazazi. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nafundisha mwaka wa tatu wa msingi. Mwaka jana nilikuwa na kijana ambaye imla ya namba ilimshinda kabisa. Nikisoma kwa Kifaransa "quatre-vingt-sept" (87, neno kwa neno "nne-ishirini-saba"), yeye anaandika 4207. Napiga msalaba mwekundu, naendelea. Karibu mwezi mzima! Siku moja nikamwambia anisomee alichoandika. Akaweka kidole: "Hii quatre, hii vingt, hii sept. Mwalimu, nimeacha nini?" Hakuwa ameacha kitu. Ameandika nilichosema, neno kwa neno.

Tushukuru Wabelgiji walituachia septante (70) na nonante (90), maana Wafaransa wenyewe 70 wanaiita sitini na kumi. Lakini 80 yetu imebaki "ishirini nne", na hapo ndipo watoto wanaanguka.

Nikarudi kwenye Kiswahili, tena hiki chetu cha nyumbani. "Themanini" haimwambii mtoto kitu. "Makumi munane na saba" inamwonyesha nane inakaa wapi na saba inakaa wapi. Tukakusanya vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa kamba za mgomba. Anatamka, anapanga mafungu, anayachora kwenye kaye (daftari), ndipo anaandika tarakimu. Kifaransa nilikileta mwisho. Ilichukua wiki tatu. Mpaka leo bado anachanganya treize (13) na trente (30), lakini 4207 sijaiona tena.

Nani ana yake?

Ndugu wa Kadutu (Bukavu)
Wangu ni wa sekondari, na wanaanguka kwenye hesabu za maneno. Wakiona namba mbili wanazijumlisha, swali liulize lisiulize. Sasa naandika swali bila namba hata moja: "Boti imetoka Bukavu na magunia ya sukari. Idjwi imeshusha mengine. Goma imefika na mangapi?" Wanasimuliana wawili wawili kwa Kiswahili: magunia yameongezeka au yamepungua? Wakishaelewana, ndipo nawapa namba. Mara ya kwanza walilalamika, "Mwalimu, umesahau namba!" Kumbe bila namba hawana pa kukimbilia, lazima wasikilize habari yenyewe.

Wale wanaosoma kwa shida nawasomea swali mara mbili. Mwenzangu mmoja anasema nawadekeza. Mimi najibu kwamba interogasio ile (jaribio la darasani) ni ya hesabu. Ya kusoma ina saa yake.

Mama wa Watatu (Goma)
Mimi si mwalimu. Binti yangu ana miaka kumi na mbili, jedwali la kuzidisha halikai kichwani. Jioni analijua lote, asubuhi limeyeyuka. Shuleni alikatazwa kuhesabu kwa vidole, akawa anavificha chini ya meza. Mwalimu wa mwaka huu amembandikia jedwali ndani ya jalada la kaye, aangalie akitaka. Amesema kama kuzidisha hakukai, hiyo isimzuie kujifunza sehemu na asilimia. Tangu hapo kuumwa tumbo kila asubuhi kumeisha. Kwa wanaojua: nikimwachia jedwali, si atakuwa mvivu?

Chaki ya Himbi (Goma)
Mama, mwachie. Na vidole pia, ni vyake.

Asiye na Muda (Bukavu)
Samahani, niwe mkweli. Haya ni mazuri kwa mwenye darasa dogo. Tangu shule ya msingi iwe bure mwaka 2019, mimi nina watoto wanne kwenye dawati la wawili. Vijiti gani? Nani atafunga kamba?

Chaki ya Himbi (Goma)
Una haki, ndugu yangu, na kwangu pia wamejaa. Vijiti walileta wenyewe kutoka nyumbani. Anayekosa anaokota makoro (mawe ya volkano) uani, Goma hayaishi. Na kuna jambo lisilohitaji hata kijiti. Kwenye tablo (ubao) nafanya hesabu ya kwanza yote, hatua kwa hatua. Ya pili naacha hatua ya mwisho, wamalizie. Ya tatu naacha hatua mbili. Anayekwama naona amekwama hatua gani, badala ya kuona sifuri tu.

Mwalimu Katuba (Lubumbashi)
Yaya Chaki, ngoja nilete historia, maana hesabu si peke yake.

Nina kijana wa miaka kumi na tano. Akiongea utadhani wakili. Akiandika, herufi zinageuka, maneno yanakatika, mistari miwili na jasho. Nikakumbuka lukasa ya Waluba: ubao wa mkononi wenye shanga, wazee wa Mbudye, chama cha watunza historia, wakiusoma kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme. Watu hao walitunza historia bila kalamu. Basi kila mwanafunzi akate katoni, agundishe alama zake. Huyu wangu aliweka msalaba wa waya kwa ajili ya misalaba ya shaba (pesa ya zamani ya Katanga), haragi kubwa (punje ya maharage) kwa M'siri, mfalme wa Bunkeya, kifungo cheusi kwa mwaka 1891 alipouawa, punje za mahindi kwa mji wetu kuanzishwa mwaka 1910, kisha mbegu mbili karibu karibu: tarehe 30 Juni 1960, uhuru wa Kongo, na 11 Julai, jimbo la Katanga kujitenga. Akapita na kidole, akasimulia robo saa. Nilimuuliza kwa nini mbegu mbili zinagusana. Akasema, "Hazikufika hata wiki mbili, mwalimu." Hilo sikuwahi kulisema darasani.

Ndugu wa Kadutu (Bukavu)
Na prefe (mkuu wa shule) alikubali jibu la mdomo?

Mwalimu Katuba (Lubumbashi)
Kwa interogasio, ndiyo. Kwa mtihani alikataa. Niliomba tu aingie na katoni yake. Hata hiyo ilibaki mlangoni. Ila nilimwona anapitisha kidole kwenye meza tupu kabla ya kuandika. Ameandika mistari tisa. Muhula uliotangulia alirudisha karatasi nyeupe.