Ada ya kuunganishiwa laini ya nyumbani: je, mkazi wa kwanza alipie nguzo za mtaa mzima?

Naleta mada hii baada ya mkutano wa mtaa wetu hapa Igogo, jijini Mwanza. Ajenda ya maji ilipokwisha, mama mmoja alisimama akauliza kwa nini ameambiwa alipe zaidi ya mara tatu ya alicholipa shemeji yake wa Nyakato, kwenye tambarare ya jiji hilihili, ili kuvutiwa laini ya simu na intaneti nyumbani, ilhali kifurushi cha mwezi ni kilekile. Mkutano uligawanyika hapo hapo. Wengine walisema ada ipunguzwe kwa sababu maisha ni magumu, na wengine wakasema kampuni ya simu si taasisi ya sadaka, anayekaa juu ya mawe akubali gharama za mawe. Mimi nimo upande wa wanaotaka ipunguzwe, lakini sababu yangu si ugumu wa maisha. Maisha ni magumu kweli, ila hoja hiyo peke yake haimlazimishi mfanyabiashara kubeba hasara. Ninachopinga ni namna gharama yenyewe inavyogawanywa.

Niseme yaliyonikuta. Nilipoomba laini, mafundi wawili walikuja na futi kamba, wakaanza kupima kwenye nguzo yenye boksi la kuunganishia nyaya, iliyo kando ya barabara ya lami, wakapanda nayo kwenye ngazi za mawe tunazopitia na ndoo, wakazunguka jiwe kubwa lililo nyuma ya kanisa, wakafika dirishani kwangu. Zilikuwa mita 140. Wakasema zinahitajika nguzo tatu. Mahali pa nguzo ya pili fundi aligonga ardhi kwa mtaimbo mara mbili, mtaimbo ukalia, akaandika neno “mwamba” kwenye fomu yake, na neno hilo moja likaongeza siku mbili za vibarua kwenye hesabu yangu. Nililipa, kwa sababu binti yangu alikuwa anasoma chuo na vocha zilikuwa zinatumaliza.

Baada ya miezi mitano jirani wa chini naye akaunganishwa. Waya wake ulitolewa kwenye nguzo ya pili, ile ya mwamba, ukashuka mita 20 hadi barazani kwake. Hakulipia nguzo hata moja. Wakafuata wengine wawili. Sina kinyongo nao hata kidogo, na mmoja wao ndiye aliyenisaidia kubeba saruji siku ile. Lakini nguzo nilizozilipia si zangu: zimepigwa namba ya kampuni, siwezi kuzihamisha wala kudai chochote kwa anayezitumia. Kampuni inapokea bili za nyumba nne kila mwezi kwa njia iliyojengwa na mfuko wa mtu mmoja. Hapo ndipo ninaposema ada hii haina haki, hata kama kila shilingi iliyoandikwa kwenye fomu ilitumika kweli.

Tuangalie kwanza gharama inatoka wapi, maana mkutanoni wengi waliamini ni waya. Waya wa faiba wenyewe si ghali ukilinganisha na mambo mengine. Kinachokula fedha ni nguzo, vibarua wa kuchimba, usafiri wa mafundi, malipo ya kupitisha nyaya kwenye hifadhi ya barabara, kifaa kinachowekwa ndani ya nyumba, na VAT ya asilimia 18 juu ya bili. Vitu hivi ukiviangalia, utaona kwamba vile vikubwa ni vya mtaa, si vya nyumba. Waya wa kutoka nguzo ya mwisho hadi dirishani ni wangu, na kifaa kilicho juu ya kabati ni changu, hivyo nilipie. Nguzo ya njiani ni kama daraja la mbao kwenye mtaro: anayelivuka kwanza si lazima awe ndiye mwenye kulijenga peke yake.

Kuna jambo lililonikaa zaidi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya nyaya za faiba inayounganisha mikoa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulijengwa kwa fedha za umma. Kutoka pwani ya Dar es Salaam, ambako nyaya za baharini zinatua, hadi huku Kanda ya Ziwa ni mamia ya kilomita, na kilomita zote hizo tulizilipia kwa pamoja kama nchi, hata sisi ambao hatukuwa na kompyuta. Mawasiliano yamevuka mapori na mito kwa mfuko wa wote, kisha yanafika barabara ya lami ya Igogo, na mita 140 za mwisho anaachiwa mtu mmoja. Sioni kwa nini mshikamano wetu uishie kwenye boksi.

Nchi hii hii inazo njia mbili za kushughulikia jambo kama hili, na zote tumeziona kwenye umeme. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2022, kuunganishiwa umeme kijijini kulikuwa shilingi 27,000, kwa sababu gharama ya nguzo ilibebwa na mpango wa nishati vijijini. Mjini, mwenye nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo alitakiwa kulipa shilingi 320,960, na anayehitaji nguzo moja shilingi 515,618. Hapa kwetu simu ya nyumbani imeiga njia ya mjini, tena bila kiwango kinachotangazwa mapema, kwani mtu anaijua bei yake baada ya kupimiwa. Kwa nyumba za Nyakato zilizopangwa kwenye tambarare hilo halina madhara makubwa. Kwa Igogo, Mabatini, Isamilo ya juu na Bugando, ambako nyumba zimeshikilia mawe, ina maana kwamba wanaoishi kwenye ardhi ngumu, ambao mara nyingi ndio wenye kipato kidogo, hulipa zaidi kwa huduma ileile.

Kijana mmoja alisema mkutanoni kwamba tunabishania kitu kilichokufa, kila mtu ana simu mfukoni. Takwimu zinampa nguvu: mwaka 2019 laini za simu za mezani Tanzania nzima hazikufika 100,000, wakati laini za mkononi zilipita milioni 40. Lakini uchache huo hauonyeshi kwamba watu hawakuitaka simu ya mezani. Nilipokuwa mdogo mtaa wetu ulikuwa na simu moja tu, nyumbani kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kufuli dogo kwenye kile kiduara cha kupigia. Watu walipanga foleni barazani kusubiri kupigiwa na ndugu wa Dar es Salaam. Waliitaka sana, ila haikuwafikia. Simu ya mkononi ilishinda kwa sababu mlango wake ulikuwa wa bei ndogo: unanunua kadi ya laini, unaanza.

Aidha, laini ya nyumbani ya leo si ile ya kupiga na kupokea tu. Waya mmoja unabeba simu, masomo ya watoto watatu na oda za fundi cherehani, kwa bili ya mwezi isiyokatika saa sita usiku kama bando. Na namba yenyewe ina thamani yake. Namba inayoanza na 028 inamwambia mteja kwamba duka au zahanati hiyo iko huku Kanda ya Ziwa na ina mahali inapopatikana. Katika zama hizi za matapeli wa “ile hela itume kwenye namba hii”, jambo hilo si dogo.

Hoja nzito kuliko zote aliitoa mzee mmoja mstaafu, naye alisema kwa utulivu: ada ikipunguzwa, kampuni haitapanda mlimani kabisa, itabaki tambarare ambako faida ni rahisi. Ana haki ya kuhofia hivyo. Namjibu kwa mfano wa Japani. Huko, ili kuunganishiwa simu ya NTT, kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo, mtu alilipa yeni 72,000 kama mchango wa ujenzi wa mtandao, hadi Machi 2005 kiasi hicho kilipopunguzwa kuwa yeni 36,000. Ilikuwa ada kubwa, na waliolipa zamani hawakurudishiwa kitu, jambo lililowaudhi wengi kwa sababu haki ya laini ilikuwa ikiuzwa na kununuliwa kama mali. Siisifu ada ile. Ninachokitazama ni kwamba kwa kawaida ilikuwa kiwango kimoja, mtu akae karibu na kituo cha simu au akae mbali. Wa karibu walimbeba wa mbali, na mtandao ukajengwa.

Hivyo sipendekezi kampuni ibebe hasara. Napendekeza ada moja kwa jiji zima, itangazwe, na tofauti ya mlima na tambarare igawanywe kwa wote. Atakayeunganishwa Nyakato ataongezewa kidogo, na ninakubali kwamba yule shemeji hatafurahi. Kama hilo ni gumu, basi angalau aliyelipia nguzo akatwe kwenye bili yake kila jirani anapounganishwa kupitia nguzo hiyo. Kampuni tayari inajua kila waya umetoka nguzo ipi. Vilevile, kwenye kilima chetu nguzo za umeme zimesimama karibu kila kona, na kanuni za mwaka 2018 za kushirikiana miundombinu ya mawasiliano zinatambua msingi huo wa kutumia kwa pamoja kilichokwisha kujengwa. Sioni busara ya kuchimba mwamba mara mbili kwa nguzo zinazotazamana.

Wapo waliotaja Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ule wa kusaidia kufikisha huduma mahali zisipofika vya kutosha, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Sheria inataja vijijini na hata maeneo ya mijini yasiyofikiwa vya kutosha, kwa hiyo mlango upo. Hata hivyo mimi nisingependa fedha ile ije Igogo wakati kisiwa cha Ukara na visiwa vidogo vingine vya Ziwa Victoria bado vina mahitaji makubwa kuliko sisi. Sisi tunaweza kubebana wenyewe jijini.

Suala la wapangaji nalipitia kwa ufupi: mpangaji hawezi kulipia nguzo ya nyumba atakayoihama Desemba, na mwenye nyumba hana sababu ya kuilipia. Ada ndogo inayolipwa kidogo kidogo ndani ya bili inamfaa huyu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikiulizwa kama nitadai nilichokwisha kulipa, jibu ni hapana. Ila wanaosema utaratibu wa sasa ni wa haki, naomba wanijibu hili moja: juma lililopita mafundi walirudi, wakapanda kwenye ile nguzo ya pili na kufunga boksi jipya lenye nafasi nane za kuunganishia nyumba. Nyumba ya tano, ya sita na ya saba zitakapounganishwa humo, nani hasa atakuwa amelipia nguzo hiyo?