Makoti ya kike yenye bitana: ni 6202, 6210 au Sura ya 43?

makoti_jumla:

Wataalamu wa forodha, habari za kazi. Ninaagiza makoti ya wanawake kutoka Guangzhou na kuyauza kwa jumla hapa Kariakoo. Wateja wangu wengi wanatoka Njombe, Makete na Mbeya, ambako mwezi wa Juni na Julai mtu hatoki nje asubuhi bila koti zito. Shehena ninayoisubiri ina aina tatu. Ya kwanza ni koti refu la poliesta lenye bitana ya poliesta na ujazo katikati. Kiwandani waliniambia halipitishi maji. Ya pili ni koti ambalo kitambaa chake cha nje ni pamba asilimia 55 na poliesta asilimia 45, lakini bitana na ujazo wake ni poliesta tupu, kiasi kwamba ukipima koti zima poliesta ndiyo nyingi. Ya tatu ni jaketi fupi la poliesta ambalo ndani lote limeshonewa manyoya bandia.

Wakala wangu wa forodha ameziandika zote tatu chini ya namba ya ushuru 6202.40. Mwagizaji mwenzangu anasisitiza kwamba lile la manyoya ni la Sura ya 43 ya orodha ya ushuru, ambayo ni ya manyoya. Mwaka jana mzigo wangu ulikaa bandarini siku kumi na moja kwa sababu ya namba iliyokosewa na wakala niliyekuwa naye wakati huo, nikalipia gharama za kontena wakati msimu wa baridi unanipita. Naomba kujua: kinachoamua ni bitana, ujazo au kitambaa cha nje?

wakala_kurasini:

Dada, swali lako ni la msingi. Kwa kawaida bitana na ujazo haviamui namba ya koti; kinachoamua ni kitambaa cha nje, kwa kuwa ndicho kinacholipatia vazi mwonekano wake.

Kabla ya yote, angalia namna kitambaa hicho kilivyotengenezwa. Kiswahili chetu kinatumia neno "kufuma" kwa kazi mbili ambazo forodha inazitenganisha kabisa. Kitambaa cha mtande na mshindio, yaani cha nyuzi za urefu na za upana zinazopishana, kinakwenda Sura ya 62, na kile cha vitanzi, kama cha sweta, kinakwenda Sura ya 61. Koti la kike la vitanzi ni 6102, la mtande na mshindio ni 6202. Nachukulia kwamba yako yote ni ya mtande na mshindio.

Koti la pili ndilo ambalo wakala wako amelikosea waziwazi. Uzito unaopimwa ni wa nyuzi za kitambaa cha nje peke yake, na humo pamba imezidi, kwa hiyo ni 6202.30, hata kama mizani ya koti zima inasema poliesta. Koti la kwanza ni 6202.40, ambayo ndiyo ya nyuzi zilizotengenezwa na binadamu. Usishangae ukikuta nyaraka za zamani zenye 6202.13 au 6202.93, kwa sababu toleo la 2022 la HS, mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, liliunganisha migawanyo hiyo.

Kuhusu jaketi la tatu, mwenzako yuko sahihi. Vazi lililotiwa bitana ya manyoya linatoka kwenye sura za nguo na kuingia Sura ya 43, na manyoya bandia yana kichwa chake, yaani namba yake ya tarakimu nne, 4304. Yangekuwa pambo tu pembezoni mwa kofia, yasingebadilisha kitu.

mpima_vitambaa:

Nakubaliana na ndugu yangu wakala kuhusu koti la pili, lakini kwenye koti la kwanza na la tatu naomba tusiharakishe.

Sura ya 43 ina maana yake mahususi ya manyoya bandia: ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi au kushonewa juu ya ngozi, kitambaa au kitu kingine. Manyoya ya kuigiza yaliyopatikana kwa kufuma, iwe kwa mtande na mshindio au kwa vitanzi, yametolewa humo kwa maneno ya wazi, na kama kitambaa yanahesabiwa chini ya 5801 au 6001. Bitana nyingi za manyoya ninazoziona sokoni ni za vitanzi. Geuza kitambaa hicho uone mgongo wake: ukikuta safu za vitanzi vidogo kama vya fulana, 4304 haipo tena, na jaketi linarudi kwenye kitambaa chake cha nje, yaani 6202.40.

Koti la kwanza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu jibu lake limefichwa na bitana. Kitambaa kinaweza kuzuia maji kwa kunyunyiziwa dawa isiyoonekana, na hapo koti linabaki 6202. Lakini kama mgongo wake umepakwa plastiki, kama poliurethani, inayoonekana kwa macho matupu bila kutegemea badiliko la rangi tu, hicho ni kitambaa cha 5903, na koti lililoshonwa kwacho ni 6210.30. Vazi linalofaa 6202 na 6210 kwa pamoja linawekwa 6210. Hakuna hiari hapo. Chukua sampuli moja, fumua pindo la chini kwa wembe, uvute bitana juu, kisha utazame mgongo wa kitambaa cha nje mahali penye mwanga wa jua.

Wapo watakaosema haya yote ni bure, kwa kuwa nguo nyingi za Sura ya 61 na 62 ziko kwenye bendi ya ushuru wa asilimia 35 tangu 1 Julai 2022. Ni kweli kwamba thamani ya CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na nauli) ya shilingi milioni 20 italipiwa ushuru wa milioni 7, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya milioni 27, ambayo ni shilingi 4,860,000, mbali na tozo nyingine. Hata hivyo, tamko lisilo sahihi ni kosa kisheria hata pale ambapo kodi haijapungua, na siku kumi na moja za kontena wewe mwenyewe unazijua.

wakala_kurasini:

Nimesahihishwa kuhusu 4304, na ninashukuru. Nilisoma kichwa bila kurudi kwenye maelezo ya sura. Dada, ukibaki na shaka, omba forodha wakupe uamuzi wa awali wa namba kabla mzigo haujafika, ukiambatanisha sampuli na barua ya kiwanda inayotaja kila tabaka. Ikitokea umepewa uamuzi usiokubaliana nao, kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinakupa siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya.

makoti_jumla:

Nimefumua sampuli zote jana jioni. Koti la kwanza lina utando mweupe mgongoni mwa kitambaa cha nje, mnene kiasi kwamba ukucha unaukwaruza. Manyoya ya jaketi yana vitanzi nyuma, vinahesabika kabisa. Leo asubuhi nimemwandikia wakala wangu abadilishe rasimu ya tamko: 6210.30, 6202.30 na 6202.40, kila aina kwenye mstari wake, na kiwanda nimekiomba ankara itaje kitambaa cha nje na bitana kwa kutenganishwa.