Tupeane uzoefu: ni nini kilichokuongezea kiu ya Mungu?

Mwanzilishi wa mada, Tabora mjini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tunahimizwa mara kwa mara kuwa na shauku ya kumtafuta Mungu, lakini ni nadra kuambiwa shauku hiyo hulelewaje ikishapoa. Zaburi ya 42 inapendwa kwa sababu ya ayala anayetamani mito ya maji, ila wengi wetu huishia hapo na kusahau kwamba mistari michache mbele mtunzi huyo huyo anaihoji nafsi yake kwa nini imeinama, kisha anaiamuru imtumaini Mungu.

Mimi ni Mmoravian, na sisi hupenda kukumbuka kwamba mwezi Agosti 1727 waumini wa kanisa letu kule Herrnhut, Ujerumani, waligawana saa za kuomba usiku na mchana, na maombi hayo yakaendelezwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Watu husifu moto wao. Mimi huvutiwa zaidi na ule utaratibu wa zamu, kwa maana haukumngoja mtu asikie mvuto kwanza. Nami nilipatana na mwenzangu wa kwaya kwamba anayeamka alfajiri ambipu mwingine, naye ajibu kwa kubipu, kisha kila mmoja asome zaburi moja kwa sauti. Mwanzoni nilisoma huku nasinzia. Hamu ilikuja baadaye, tena bila kubisha hodi, hata siwezi kutaja ilianza lini.

Naomba tusimulie yaliyotutokea wenyewe. Mahubiri tunayo ya kutosha.

Mchangiaji, Kibirizi, Kigoma

Amina. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Kazi yetu ni ya usiku wa giza, kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu tunapumzika. Ziwa Tanganyika liliposimamishwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ili samaki wazaliane, wengi wetu tulisema kwamba sasa tumepata nafasi ya kumtafuta Mungu. Nafasi ilikuwepo, njaa haikuwepo. Nilishinda barazani nikipiga hesabu za madeni, na Biblia ikiwa karibu kabisa na mkono wangu.

Tuliporudi ziwani ndipo nilipoelewa. Tukishawasha taa, kuna muda wa kungoja dagaa wakusanyike chini ya mwanga, ambapo hakuna anayesema sana na wavu hauguswi hata kidogo. Muda huo nilikuwa nimezoea kuomba kimoyomoyo, nikianza na wenzangu chomboni, mmoja mmoja, kisha walioko nyumbani. Maombi yangu yalikuwa yameota mizizi ndani ya kazi, na kazi iliposimama yakanyauka. Tangu hapo siafikiani na wanaosema kwamba tunakosa shauku kwa kukosa muda.

Mchangiaji, Kasulu

Tumsifu Yesu Kristo. Kwangu mimi hamu ililetwa na mtu mwingine. Katika jumuiya yetu tulisoma habari za mwanamke Msamaria na Yesu pale kisimani, nami nilikuwa msomaji, nikiharakisha kwa kuwa nilikuwa nimeacha maharage jikoni. Nilipomaliza, bibi mmoja asiyejua kusoma akasema, "Mwanangu, rudia pale alipouacha mtungi." Nikarudia. Akaomba tena. Sehemu hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utoto bila kuuona huo mtungi. Sasa huenda mapema ili niketi karibu naye.

Mchangiaji, Urambo

Langu ni fupi: simu hulala sebuleni, mimi nalala chumbani. Sikuwa mtu wa kuomba zaidi baada ya hapo, ila niliacha kuamka nikiwa nimeshashiba habari za watu.

Mchangiaji, Nzega

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba tuwe waangalifu. Nilipofiwa na mwanangu sikuweza kuomba, na ndugu katika imani wakaniambia kwamba nimeuacha upendo wangu wa kwanza, kama kanisa la Efeso katika Ufunuo. Zamu isingenisaidia. Waliosaidia ni kina mama waliokuja jioni, wakaimba na kuomba bila kunidai niitikie, hata wiki ambazo nilikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwanzilishi wa mada

Pole sana, mama. Nakubali kwamba zamu yangu inamfaa aliyezembea, na kwamba aliyefiwa anahitaji watu wa kumshikia zamu hiyo. Hata Zaburi ya 42 inasema machozi yalikuwa chakula chake mchana na usiku, na sijaona mahali inapomlaumu kwa hayo. Wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa mliomo humu, tusaidieni: mtu akiwajia akisema hana tena hamu ya maombi, mnamuuliza nini kwanza kabla ya kumshauri?