Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi damu ya San Gennaro ilipoyeyuka, au ilipogoma?

Mkazi wa Porta Capuana
Wakuu, leo asubuhi nikiwa kwenye basi, jirani yangu alikuwa anatazama simu. Ilipopepea ile leso nyeupe ya kutangaza kwamba damu imeyeyuka, abiria wakapiga makofi humo humo, hata dereva. Nikakumbuka mengi. Najua Waswahili tuko wengi hapa Napoli na Castel Volturno, na mapadri na masista wanaosoma Roma hushuka huku kila Septemba 19. Tupeane uzoefu.

Kwa walio mbali: San Gennaro, yaani Mtakatifu Januari, alikuwa Askofu wa Benevento, akakatwa kichwa Pozzuoli mwaka 305 hivi, wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian. Mapokeo yanasema mama mmoja, Eusebia, aliikinga damu yake. Sasa imo kwenye vichupa viwili vya kioo katika Kanisa Kuu la Napoli, imeganda, nyeusi. Mara tatu kwa mwaka watu husali mpaka iyeyuke: Jumamosi inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Mei, Septemba 19, na Desemba 16.

Yangu ni fupi. Nilibanwa nyuma ya nguzo, damu sikuiona, niliona nyuso za watu. Ilinitosha. Nani anafuata?

Binti Kilimanjaro
Makofi yale! Usipoyasikia kwa masikio yako huwezi kuelewa.

Sista Mwanafunzi
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi niliketishwa jirani na wale bibi wanaoitwa ndugu wa San Gennaro. Wanaanza mapema sana, sala na litania kwa Kinapoli, sauti kavu zisizochoka. Askofu Mkuu akishatoa vichupa kwenye sefu nyuma ya altare, anaviinamisha huku na huku kuona kama kuna kinachosogea. Siku hiyo hakikusogea. Bibi wakaanza kumgombeza Mtakatifu! Wakamwita "uso wa njano", kwa sababu ya ile sanamu yake ya fedha iliyopakwa dhahabu, aliyoitoa Mfalme Charles II wa Anjou mwaka 1305.

Nilishtuka kidogo tu. Bibi yangu kule Songea alikuwa akisimama kaburini kwa babu na kumwuliza kwa ukali, mbona umetusahau, watoto wanaumwa na wewe umelala? Humgombezi hivyo mtu baki. Nilipolikumbuka hilo nikashika rozari nikajiunga nao.

Neno Tu
Samahani ndugu zangu, lakini hii ni kuabudu mifupa na damu ya mtu. Kutoka 20 iko wazi.

Katekista Mstaafu
@Neno Tu, soma pia 2 Wafalme 13:21. Maiti ilitupwa kaburini kwa Elisha, ikagusa mifupa yake, mtu akafufuka. Hakuna aliyemwabudu Elisha. Na Ufunuo 6:9 inazionesha roho za waliouawa kwa ajili ya Neno zikiwa chini ya altare. Ndiyo maana toka zamani tunaweka masalia ya mashahidi kwenye altare zetu.

Maabara
Mimi ni Mkatoliki na ni mwalimu wa kemia. Mwaka 1991 wanasayansi wa Kiitalia waliandika kwenye jarida la Nature kwamba uji fulani wenye chuma huganda ukitulia na kulainika ukitikiswa, na ungeweza kutengenezwa zama zile. Damu yenyewe hawakuigusa. Kanisa nalo halijatamka rasmi kwamba ni muujiza. Habari ya kwanza iliyoandikwa ya kuyeyuka ni ya mwaka 1389, miaka zaidi ya elfu moja baada ya kifo chake. Naisema hii kwa heshima.

Katekista Mstaafu
Mwalimu, heshima tumeiona. Ila wale bibi hawasubiri jarida.

Mama wa Sanità
Nimesoma mpaka hapa mikono inatetemeka. Sijawahi kuisimulia hii.

Nilikuwa namtunza bibi mmoja hapa mtaa wa Rione Sanità, alikuwa na miaka zaidi ya tisini. Desemba 16, 2020. Korona ilikuwa imetufungia, tukafuatilia kwenye televisheni. Asubuhi damu ngumu. Bibi akasema ngoja jioni. Jioni ngumu vile vile, wakairudisha mahali pake. Akaniambia nizime. Uji alioutaka mwenyewe akausukuma. Huyu mtu alipoteza nyumba kwenye tetemeko la Novemba 1980, na alikumbuka vizuri kwamba Septemba ya mwaka ule damu iligoma. Alilala amegeukia ukuta.

Usiku wa manane homa ikapanda, pumzi ikawa inakatika. Gari la wagonjwa likaja, wahudumu wamevaa nguo zile za kufunika mwili mzima, na sikuruhusiwa kupanda. Wakati wanamfunga mkanda alinishika mkono, akanitia kiganjani kile kipicha cha San Gennaro alichokuwa analalia. Akasema: "Mimi ameshanichoka. Wewe mgeni, zungumza naye wewe."

Binti Kilimanjaro
Mama usituache hapo!!

Mkazi wa Porta Capuana
Tulia dada, anaandika.

Mama wa Sanità
Nilipiga magoti jikoni. Kiitaliano kilinitoka kabisa kichwani, nikasali Kihaya, lugha ya mama yangu. Nikamwambia: Baba Askofu, na wewe hukuwa wa mji huu, uliuawa ugenini, mifupa yako ilihamishwa Napoli, Benevento, Montevergine mpaka wakairudisha Napoli mwaka 1497. Unajua kukaa kwa watu. Nirudishie huyu bibi, sina ndugu mwingine hapa. Nilirudia hivyo mpaka kukapambazuka.

Alirudi baada ya Epifania, amekonda. Septemba 2021 nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka via Duomo, kwenye Kanisa Kuu. Leso ilipopepea watu wakalia. Yeye hakulia. Alimgombeza San Gennaro kwa ajili ya ile Desemba, kwa sauti, mpaka kijana wa ulinzi akageuka. Halafu akaniomba kahawa.

Maabara
Mama, nimekusoma mara mbili. Lakini wangapi walisali usiku ule na wakawazika wao?

Mama wa Sanità
Najua, mwalimu. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa na picha ile ile ukutani, na hakurudi. Mimi nimesimulia yaliyonikuta, maelezo sina.

Dereva wa Pozzuoli
Ndiyo maana mimi damu ikigoma natulia nyumbani. 1973 iligoma, kipindupindu. 1980, tetemeko. Hesabuni wenyewe.

Katekista Mstaafu
Huo sasa ni ubashiri. Desemba 2016 iligoma pia, mji ukaamka salama. Na 1799 iliyeyuka mbele ya jeshi la Wafaransa, wenyeji wakamkasirikia Mtakatifu wao hata wakamkabidhi Mtakatifu Antonio wa Padua usimamizi wa mji kwa muda. Msimfanye shahidi wa Kristo kuwa mpiga ramli.

Dereva wa Pozzuoli
Mzee, hukuwepo 1980.

Katekista Mstaafu
Na wewe hukuwepo 1799.

Sista Mwanafunzi
Ndugu zangu, taratibu. Alikufa kwa sababu alikataa kumkana Kristo, na mapokeo yanasema alikamatwa alipokwenda kumtazama rafiki yake shemasi Sossius gerezani. Hilo lina uzito kuliko kioo chochote.

Mgeni Benevento
Tusisahau alikuwa askofu WETU.

Kijana wa Mestre
Nataka kuja, nishaurini.

Binti Kilimanjaro
Septemba, ufike kabla jua halijachomoza.

Mkazi wa Porta Capuana
Usimsikilize, utapondwa. Njoo Mei: vichupa vinabebwa kwa maandamano toka Kanisa Kuu hadi Santa Chiara pamoja na sanamu za fedha za wasimamizi wengine wa mji. Unaviona ukiwa barabarani, na pizza iko karibu.

Dereva wa Pozzuoli
Anzia kwetu Solfatara, kuna jiwe ambalo watu wanaamini alikatiwa kichwa juu yake. Hakuna foleni.

Mama wa Sanità
Njoo Desemba 16, mwanangu. Ni kumbukumbu ya mlipuko wa mlima Vesuvio wa 1631, lava iliposimama mji ukapona. Watu ni wachache, ni wenyeji. Bibi yangu alishatangulia mbele za haki, lakini kiti chake nimekitunza. Kama una mgonjwa wa kumleta, niandikie.

Kijana wa Mestre
Nina mama yangu, magoti hayamruhusu. Nakuandikia sasa hivi.

Mkazi wa Porta Capuana
Basi padri yeyote wa Roma anayesoma hapa atuambie kama anaweza kutusomea Misa ya Kiswahili siku hiyo jioni. Kwaya ipo, tunakosa mpiga kinanda.