Jambo Bwana ni wimbo wa nani jamani? Naomba ushauri haraka

Msanii wa Fort: Wakuu habari za jioni. Niko Fort Portal, napiga gitaa kwenye lodge za watalii, na Jambo Bwana wazungu hawaachi kuuomba. Tangu utotoni najua ni wimbo wa mababu wa pwani, hauna mwenyewe. Juzi jamaa kaniambia una mwenyewe na naweza kushtakiwa. Ni kweli? Usingizi sipati.

Mama Kasese: Huo si wa ile katuni ya simba mwanangu? Wajukuu wanaimba kutwa.

Boda Bweyogerere: Hapana mama, wa simba ni Hakuna Matata wa Elton John na Tim Rice, 1994, wimbo mwingine kabisa. Huu ni wa Boney M, mzee alikuwa na kaseti yao.

Pwani Damu: Boney M waliurudia 1983. Wenyewe ni Them Mushrooms wa kule Mombasa, waliutoa 1982, mtunzi Teddy Kalanda Harrison. Walikuwa wanapigia watalii mahotelini ndo maana maneno yote ni ya kumkaribisha mgeni. Na mababu gani hao walioimba "Kenya yetu"? Halafu mpiga gitaa tu hakosi usingizi kwa hili. Umefanya nini?

Msanii wa Fort: Sawa mkuu. Nimeurekodi. Ni tangazo la lodge, "Kenya yetu" nimeweka "Uganda yetu", gitaa nimetoa nimeweka adungu, kile kinubi cha kienyeji, na mwisho wa video wameandika "wimbo wa asili". Advansi nilishapokea nikalipa fizi za watoto. Lakini bendi zote zinaupiga, na mimi nimebadilisha maneno, sasa kosa liko wapi?

Afande Mstaafu: Kijana usiogope. Hata Zangalewa ni wimbo wa jeshi letu, tuliuimba kwenye mchakamchaka kambini, Shakira akauchukua 2010 na hakuna aliyemuuliza.

Boda Bweyogerere: Afande, Zangalewa ni wa Golden Sounds wa Kameruni, 1986. Ila wanajeshi umepatia, walikuwa walinzi wa rais wa huko. Na Shakira aliulizwa, ikabidi upande wake uelewane na bendi.

Mlokole: Pesa ya jasho la mwenzako haina baraka. Rudisha.

Mtoto wa Nakulabye: Hii stori ya kutunga. Mtu wa bendi asijue Them Mushrooms? Na lodge gani inatoa advansi siku hizi? Anatafuta laiki.

Mama Kasese: Hata mimi nimeanza kushuku.

Msanii wa Fort: Nitunge ili nipate nini? Adungu nimeazima kanisani, uzi ulikatika tukiwa studio nikafunga mshipi wa kuvulia samaki, ukisikiliza vizuri noti moja inalia kavu.

Pwani Damu: Iwe kweli au uongo, wanaofanya hivi wapo wengi. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006, na kubadilisha jina la nchi hakukupi wimbo. Nenda UPRS, chama cha kusimamia haki za nyimbo, kule Kampala uulize ruhusa inapatikanaje, na hiyo video isitoke kwanza.

Msanii wa Fort: Nitaenda. Ila bosi anasema jina la mtunzi litaharibu video, si linatosha nikiliweka kwenye maelezo ya chini?

Pwani Damu: Liweke palepale mlipoandika "wimbo wa asili". Nafasi ipo. Na ruhusa kwanza, ndugu yangu.